Barua kwa mwanangu: mpe wajukuu awapakate

Mama Sauda mwanangu,

Umeniuliza mama mkwe wako akianza mionzi ya saratani ya titi nywele zitanyonyoka? Hapana, zinazonyonyoa ni zile dripu za kemo, dawa za saratani, mionzi inagusa pale pale inapolengwa, mimi zilinitoka za kwapa tu na wala sikuzililia. Ila uchovu jamani! Sio uchovu wa kulima ule, unalala unaamka umechoka, na ulinianza wiki ya tatu wakati kila mtu anasema mbona uko vizuri. Mtu akichoka aachwe alale, nasema kila siku.

Mashine yenyewe haiumi. Pale Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, unalazwa mkono juu ya kichwa, wanakulenga kwenye alama za wino, wenyewe wanatoka nje, dakika chache umemaliza, Jumatatu mpaka Ijumaa, mimi nilipigwa mara 25. Maumivu yanakuja baadaye, ngozi chini ya titi ikawa nyeusi kama kitako cha sufuria ikabanduka, sidiria nikaitupa nikawa najifunga ile khanga iliyochakaa. Na nilivyomaliza ikazidi tena kama wiki mbili ndo ikaanza kupona, kwahiyo asishtuke. Poda na mafuta asipake mpaka amuulize nesi, na alama asizisugue.

Sasa hili hujaniuliza. Akirudi nyumbani mpe wajukuu awapakate. Mionzi ya mashine haibaki mwilini, ikizimwa imeisha (ile ya kuwekewa ndani ya mwili ina masharti yake). Mimi nilipokuwa napigwa mionzi Sauda alikuwa na miezi miwili, shangazi yako akasema mtoto atachomwa na bibi yake, na wewe ukajifungia naye chumba cha uani. Namsikia analia, mimi nipo sebuleni mikono mitupu. Sikulaumu, ndo ulikuwa uzazi wako wa kwanza, tena hata mimi nilikuwa na mdomo sikuuliza, niliogopa jibu. Siku nimemuuliza yule dada wa mashine akacheka, mama mbebe tu mjukuu wako. Hiyo ni siku ya 24! Nikaja mbio kumchukua, akanililia kama mgeni.

Shangazi yako alisema kwa wema au kwa... basi naacha, ni dada wa baba yenu.

Mama mkwe wako akichoka aachwe alale. Ila chumba cha uani usimpe, mtandikie karibu na watoto.