Kigango cha babu kimeng'olewa, tufanyeje?

SWALI: Anko shikamoo. Mimi wa Kilifi ila natafuta riziki Mombasa. Juzi nimeenda nyumbani kwa matanga, nikapita pale kwenye vigango vya wazee, ile miti ya kuchonga inayosimikwa kuwakumbuka waliokufa, cha babu hakipo! Pamebaki shimo na kile kitambaa chekundu alichovishwa, kimetupwa nyasini. Bamkubwa anasema kimeliwa na mchwa, lakini yule mwanawe ana simu mpya na hana kazi. Kweli kuna mtu ananunua mti wa kaburi? Na kitarudi? (Mjukuu)

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Mchwa gani huyo anakula mti mzima akabakisha shimo na kitambaa? Tena mhuhu, mti ambao mchwa wenyewe wanauogopa. Ila si kaburi lile, babu kazikwa pake, kigango ndio pa roho yake kukaa, ndio maana Wagiriama hata wakihama boma hawaking'oi, wanakiacha palepale.

Wanunuzi wapo tangu miaka ya 70. Kijana anapewa pesa ya pombe ya mnazi ya siku mbili, kinapita duka la vinyago, kule Marekani kinauzwa maelfu ya dola, halafu tajiri akikichoka anakipa makumbusho. Watafiti wawili, Monica Udvardy na Linda Giles, walihesabu vigango 294 kwenye makumbusho 19 za huko, fikiria!

Kurudi vinarudi, ila sikia hii. Mwaka 1985 Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru kando ya vigango viwili vya nduguze, havikukaa sana vikaibwa. Mwaka 1999 akiwa mkutanoni akaona kimoja kwenye slaidi za Giles, kumbe kiko chuo kikuu huko Illinois, na cha pili kikapatikana Hampton, Virginia. Ile picha ndio ikawabana, vikarudishwa 2006 na 2007, mzee keshafariki zamani. Sasa linganisha na vile 30 vya makumbusho ya Denver, hukohuko Marekani, vilivyofika Nairobi 2019, hakuna aliyeandika vilitoka boma gani, basi utamkabidhi nani?

Kwa hiyo nenda polisi wakuandikie OB, kile kitabu chao cha matukio, halafu chukua nambari hiyo uwaone watu wa makumbusho pale Fort Jesus, kukitoa nchini bila kibali ni kosa na wao ndio wanajua pa kuuliza. Tafuta picha yoyote ya zamani, hata ya harusi ambayo kigango kimeonekana kwa nyuma tu. Vigango vilivyobaki vipige picha leo hii kwa simu, uso wake na zile pembetatu za kuchonga zionekane vizuri, uandike ni cha nani na ni boma la nani.

Huyo kijana msimvamie. Waiteni wazee aulizwe mbele yao, mara nyingi huwa anamjua dalali tu na kitu bado kiko stoo hapohapo Mombasa, hakijapanda meli. Na kile kitambaa usikiache nyasini, wape wazee.