Rushwa, ufisadi au ubadhirifu? Na "fedha zilipotea" zilipotelea wapi?

Msomaji mmoja kaniandikia hivi: "Mwalimu, kila ikitoka kashfa Umoja wa Mataifa au Benki ya Dunia huyu anaandika rushwa, yule ufisadi, mwingine ubadhirifu, afu mwisho wa habari wote wanasema taasisi imeahidi mageuzi. Haya maneno ni kitu kimoja? Na wanaotoboa siri tuwaite wapiga filimbi kama magazeti yanavyowaita?"

Si kitu kimoja hata kidogo, na hapa ukikosea neno umemsingizia mtu kosa ambalo hakulifanya, au umemfichia alilolifanya.

Rushwa lazima iwe na watu wawili, mtoaji na mpokeaji, na kuna kitu kinapita kati yao ili mmoja apendelewe. Hongo ni hivyohivyo, ingawa yenyewe ina historia yake tamu, zamani za misafara ya karne ya 19 hongo ilikuwa ushuru wa njia tu, mkuu wa msafara anamlipa mtemi mchana kweupe ndo apitishwe, aibu iliingia baadaye. Kwa hiyo kabla hujaandika rushwa jiulize nani kampa nani, ukiona upande mmoja hauna mtu tafuta neno lingine.

Ufisadi ni mpana zaidi. Asili yake ni Kiarabu, kuharibika, na wazee wakimwita mtu fisadi mara nyingi walimaanisha mzinzi, mtu wa wake za watu, pesa hazimo kabisa kwenye hiyo stori. Leo maana iliyoshika ni kutumia madaraka uliyokabidhiwa kwa faida yako, humo ndani rushwa imo, kujipa tenda imo, kumwajiri shemeji imo. Ubadhirifu sasa ni kufuja, yaani mali uliyopewa uitunze umeitapanya, na unaweza kuwa mbadhirifu bila hata senti moja kuingia mfukoni mwako. Hapa ndo waandishi wengi wanateleza.

Chukua mpango wa mafuta kwa chakula wa Iraq. Nchi ilikuwa na vikwazo, UN ikairuhusu iuze mafuta kuanzia mwishoni mwa 1996 ili inunue chakula na dawa, mpango ukaisha 2003. Tume ya uchunguzi iliyoundwa na UN chini ya Paul Volcker, aliyewahi kuongoza benki kuu ya Marekani, ilivyochunguza ikasema mwaka 2005 kwamba serikali ya Saddam Hussein ilijichotea kinyemela kama dola bilioni 1.8, kampuni zaidi ya 2,000 zikihusishwa, na sehemu kubwa ya hela hizo ilitoka kwa wauzaji wa bidhaa waliotakiwa kurudisha kama asilimia 10 ya mkataba, kwenye makaratasi ikiitwa huduma baada ya mauzo. Kiswahili cha mtaani kina jina lake tayari, teni pasenti. Mtoaji yupo, mpokeaji yupo, kiasi kipo, andika rushwa bila woga. Ila tume hiyohiyo ililaumu pia sekretarieti ya UN na Baraza la Usalama kwa kusimamia vibaya, na hilo ukiliita rushwa umekosea, ni uzembe, neno uzembe lina ukali wake wa kutosha wala halihitaji msaada.

Halafu ile ya UNOPS, shirika la UN la huduma za miradi, ambalo lilitoa kama dola milioni 60 kwa kampuni chache zilizokuwa na uhusiano kati yao, miradi ikakwama, na mkurugenzi mtendaji akajiuzulu Mei 2022. Ilivyolipuka nilisoma vichwa vya habari vimeandika rushwa siku ya kwanza kabla hata uchunguzi haujasema chochote. Kwa siku ile neno salama lilikuwa ubadhirifu, au useme tu fedha za umma ziliwekezwa ovyo. Rushwa inasubiri ushahidi wa nani kampa nani.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho msomaji hakuuliza ila mi ndo kinanikera kuliko vyote. Soma taarifa yoyote ya shirika kubwa baada ya kashfa, utakuta "fedha zilipotea", "taratibu zilikiukika", "misaada ilitumika vibaya". Angalia hivyo vitenzi. Kikombe kimevunjwa, unaweza kuuliza kimevunjwa na nani, lakini kikombe kimevunjika, swali la na nani halina pa kuingilia, sarufi yenyewe imelifungia mlango. Hiyo ndo kauli ya kutendeka, na haina ubaya wowote ukiongelea vikombe. Ukiipeleka kwenye pesa za wakimbizi inakuwa kama pesa zimeamka asubuhi zikaondoka zenyewe. Na kupotea ndo mbaya zaidi, hata mbuzi akipotea tunauliza nani alikuwa anachunga! Ukijua mtendaji mtaje: mkurugenzi alizifuja, mkandarasi aliziiba, bodi iliziidhinisha bila kusoma. Usipomjua andika zilifujwa, zilitumiwa vibaya, taratibu zilikiukwa, ili nafasi ya "na nani" ibaki wazi na msomaji aione iko tupu.

Ukimya huu si wa Kiswahili peke yake, pale Benki ya Dunia neno lenyewe lilikuwa mwiko kwa miaka mingi kwa sababu mkataba wake unaikataza kuingilia siasa, na rushwa ilihesabiwa ni siasa, mpaka mwaka 1996 rais wake James Wolfensohn aliposimama mbele ya wanachama akaiita saratani. Kabla ya hapo walizunguka zunguka na maneno ya adabu kama utawala bora.

Tuhuma na hatia nazo zichunge. Benki ikikamata kampuni imedanganya kwenye zabuni huwa inaifungia, na kufungia ndo neno watu wanalolijua, kama mchezaji anavyofungiwa, tena tangu 2010 benki tano kubwa za maendeleo zilikubaliana kwamba ukifungiwa kwa moja wengine nao wanakufungia. Lakini kufungiwa si kuhukumiwa. Kwenye daraja la Padma kule Bangladesh, Benki ilifuta mkopo wa dola bilioni 1.2 mwaka 2012 ikisema kuna njama za rushwa, mwaka 2013 kampuni ya SNC-Lavalin ya Kanada ikafungiwa miaka 10, afu 2017 mahakama ya Kanada ikawaachia huru washtakiwa wa njama hiyo baada ya ushahidi wa simu zilizonaswa kukataliwa. Sasa aliyeandika 2013 kwamba wamepatikana na hatia atajificha wapi? Benki inapima tu lipi lina uwezekano zaidi, mahakama ya jinai inataka pasiwe na shaka.

Mageuzi. Neno linatokana na kugeuza, kwa hiyo kitu kiwe kimegeuka, aliyekuwa juu yuko chini, aliyekuwa anajikagua mwenyewe sasa anakaguliwa na mwingine. Kurekebisha ni kunyoosha palipopinda, na kuboresha ni kufanya kizuri kiwe kizuri zaidi, ndo maana maofisa wanapenda maboresho maana halikiri kwamba kulikuwa na kosa. UN iliunda ofisi yake ya ukaguzi wa ndani mwaka 1994 na ofisi ya maadili ikaanza 2006, zote ziko ndani ya nyumba ileile, mi hayo naandika marekebisho. Ila ukiandika marekebisho ongeza ya nini, kwa sababu neno hilohilo ndo tunalotumia mkataba ukibadilishwa vifungu, kama yale yaliyoongeza viti vya Baraza la Usalama kutoka 11 hadi 15 mwaka 1965.

Wapiga filimbi hapana. Ukimwambia mtu mpiga filimbi anamuona refa, au mwanamuziki. Imetafsiriwa neno kwa neno na haijashika. Mtoa taarifa linatosha kwenye habari za kawaida, na akiwa ametoboa jambo lililofichwa kwa makusudi andika mfichua maovu, ila lisubiri maovu yathibitike kwanza, la sivyo kichwa cha habari kimeshatoa hukumu. Mchongezi na mmbea waachie wanaofichuliwa, wao ndo huyapenda hayo.