Kupiga mto hakupunguzi hasira

Dada, umeuliza kama mtoto wako wa miaka mitatu akikasirika umpe mto autwange ngumi hasira ziishe. La, ushauri huo hausaidii, mara nyingi unazidisha. Brad Bushman, mtafiti wa saikolojia wa Marekani, alilipima hili kwa wanafunzi wa chuo akatoa matokeo 2002, waliopiga gunia la ngumi huku wakimuwaza aliyewaudhi walibaki na hasira zaidi kuliko waliokaa kimya tu. Hao ni watu wazima lakini, mtoto wa miaka mitatu hata kujituliza mwenyewe bado hawezi vizuri, anategemea wewe utulie kwanza.

Mi nafundisha chekechea hapa Langoni, Lamu, nafata ile hadithi ya Mtume ya madrasa tunayoijua sote, ukikasirika umesimama kaa, haijaondoka lala, basi namkalisha barazani namwambia apulize kama anapoza uji, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia maana ndo inashusha mapigo ya moyo. Maneno ya kumuonya weka baadaye, saa hiyo haskii kitu. Na uliza kama amekula, saa sita na jua hili vilio vingi ni njaa tu.