Muulize Mama Hesabu: Watu wamejaa, mkopo haulipiki

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi na dada yangu tuna bustani ndogo ya watoto hapa Tanga: bembea sita, mteremko mmoja wa maji na majumba mawili ya upepo ya kurukia. Siku ya Idd hapana pa kukanyaga. Benki imekubali kutukopesha tujenge vyumba kumi na viwili vya wageni na bwawa kubwa. Kaka yetu mkubwa amekataa katakata. Anasema hata Disneyland ya Paris iliponea chupuchupu kufungwa kwa madeni. Siamini. Pahala panapojaza watu wa Ulaya nzima panafilisikaje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kaka yako kasema kweli, na nafurahi mnabishana kabla ya kutia saini.

Bustani ile ilifunguliwa tarehe 12 Aprili 1992 huko Marne-la-Vallée, kilomita zipatazo 32 mashariki ya Paris. Wakati huo ikiitwa Euro Disney. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Septemba 1993 iliingiza watu milioni 9.8. Mwaka huohuo ikapata hasara ya faranga bilioni 5.3 (faranga ndiyo iliyokuwa fedha ya Ufaransa wakati ule). Ziweke namba hizo mbili pamoja uzitazame, maana swali lako lote limo humo.

Kilichowaumiza ni mkopo. Walikuwa na deni la faranga bilioni 20 hivi, na riba yake haikuuliza kama leo ni Jumapili ya kiangazi au Jumanne ya baridi kali. Walijenga hoteli sita kwa mpigo, vyumba kama 5,200, wakitarajia wageni walale siku kadhaa kama kwenye bustani ya Disney kule Florida, Marekani. Hoteli zenyewe zingeuzwa baadaye kwa faida ili kupunguza deni. Wageni wengi wakaja asubuhi, wakacheza, jioni wakarudi zao. Soko la majumba Ufaransa nalo likaanguka, hoteli zikawa haziuziki. Uchumi wa Ulaya ukadorora, na aliyekuja akawa anafunga mkono.

Hapo kuna jambo dogo ambalo mimi, niliyeanzia kazi jikoni kwenye stoo ya hoteli, silisahau. Waliambiwa kwamba watu wa Ulaya hawana desturi ya kula asubuhi, basi wakajenga migahawa midogo. Kumbe wageni waliamka na njaa zao. Mgahawa wenye viti 350 ukatakiwa kulisha watu 2,500, na hawakutaka kahawa na mkate tu, walitaka mayai na nyama. Fikiria baba ana watoto watatu mkononi, amelipia chumba bei ya hoteli za kifahari za Paris, na yuko kwenye foleni ya yai. Vyoo vya madereva wa mabasi vilijengwa vya kutosha watu 50 tu, na siku za msongamano wakafika madereva wengi kupita kiasi hicho. Mvinyo ulipigwa marufuku ndani ya bustani hadi 1993, katika nchi ambayo watu wanaunywa na chakula cha mchana. Mimi situmii kileo, ila mtu ukimkaribisha mule kwa kawaida ya kwako na si ya kwake, hatakaa, na asipokaa hanunui.

Jingine lilikuwa kwenye mkataba. Kampuni mama ya Marekani, Walt Disney, ilikuwa na asilimia 49 tu ya hisa, nyingine zikiwa za watu waliozinunua mwaka 1989 kwa faranga 72 kila moja. Lakini kampuni mama ilikuwa na haki ya mrabaha, yaani malipo ya kutumia jina na kazi zake, wa asilimia 10 ya viingilio na asilimia 5 ya vyakula na bidhaa, pamoja na ada ya usimamizi. Vyote vilihesabiwa kwenye mauzo, si kwenye faida! Kama mkataba wenu una mtu wa namna hiyo, hata akiwa ndugu, niandikieni upesi.

Walitokaje? Mwishoni mwa 1993 kampuni mama ilitoa muda: hadi tarehe 31 Machi 1994, ama suluhu ipatikane ama milango ifungwe. Benki zaidi ya 60 zikaketi mezani. Zikakubali kusamehe riba kwa muda na kusogeza mbele malipo ya deni lenyewe. Kampuni mama ikaacha mrabaha na ada yake kwa miaka mitano. Zikauzwa hisa mpya za faranga bilioni 6, na mwanamfalme wa Saudia, Al-Waleed bin Talal, akachukua takriban robo ya kampuni. Jina nalo likabadilishwa kuwa Disneyland Paris.

Kisha likaja nililolipenda kuliko yote: Aprili 1995 walishusha kiingilio cha mtu mzima, msimu wa wageni wengi, kutoka faranga 250 hadi 195. Kushusha bei ukiwa na madeni kunahitaji moyo. Juni wakafungua Space Mountain, kigari cha kasi cha kupanda ndani ya giza, na mwaka huo watu wakapanda hadi milioni 10.7, ikapatikana faida ya kwanza, faranga milioni 114. Faida ile naiheshimu, lakini usisahau ilipatikana wakati wenye kudai wamelegeza kamba. Baadaye, bustani ya pili iliyofunguliwa 2002 haikuvuta watu kama walivyotarajia na madeni yakapangwa upya tena. Mwaka 2017 kampuni mama ikanunua hisa karibu zote na kuziondoa sokoni.

Sasa turudi Tanga. Niliwahi kushika vitabu vya bustani ya kuogelea Dar es Salaam. Siku ya Idd noti zilikuja zimelowa kutoka kwenye makaptula ya watoto, tukazianika kwenye kamba ofisini, mwenye mali akizipitia moja moja kama nguo za mwanawe. Kwa furaha ile akakopa, akaongeza bwawa. Aprili ikafika na masika yake. Nakumbuka Jumamosi moja daftari langu la mlangoni lilikuwa na watoto wanne, na rejesho la benki lilikuwa lile lile la mwezi wa Idd. Julai alikuja fundi kufungua pampu ya maji, nikadhani anaitengeneza, kumbe imeuzwa. Nililia siku ile, na haikuwa mali yangu.

Kwa hiyo vyumba vya wageni msijenge kwanza. Ulizeni kwenu kama kuna hata familia moja iliyowahi kuomba pa kulala. Bwawa mkilitaka, iambieni benki marejesho yawe madogo Machi hadi Mei, na wakikataa msichukue fedha yao. Nitumieni vishina vya tiketi za Aprili na Mei za miaka miwili iliyopita, pamoja na bei ya mkopo. Za Idd msinitumie.

SWALI: Mama, bustani ikitangaza kufilisika, mitambo inazimwa siku hiyo hiyo? (Nairobi)

JIBU: Si lazima. Six Flags ya Marekani iliomba mahakama iikinge na wanaoidai Juni 2009 ikiwa na deni la dola bilioni 2.4 hivi, na bustani zake zikaendelea kupokea watoto msimu ule ule. Ilitoka mahakamani 2010. Waliopoteza kila kitu ni wenye hisa za zamani, kampuni ikaenda mikononi mwa waliokuwa wanaidai.

Ila wapo wasiopata bahati hiyo. Hard Rock Park ya Myrtle Beach, South Carolina, iligharimu dola milioni 400 hivi, ikafunguliwa 2008 na kabla mwaka haujaisha ikawa mahakamani. Ikauzwa kwa dola milioni 25. Wanunuzi wakabadilisha jina, wakafungua 2009, wakaendesha msimu mmoja, wakafunga.