Dola zilizobaki kwenye gunia la risiti

Kila ikivuma habari ya msaada mpya kwa wakulima huku Marekani, simu yangu hailali. "Kaka, fomu iko wapi? Wanatoa ngapi?" Nami huuliza kwanza: una namba ya shamba, ile unayopewa ukisajili shamba lako serikalini?

Mwaka 2020 mimi sikuwa nayo. Mimi na mke wangu tulikuwa tumelima misimu minne jimbo la Maine, kwenye ekari mbili za kukodi: nyanya, pilipili, biringanya, tukiuza sokoni kila Jumamosi. Ofisi ya FSA ya kaunti, iliyo chini ya Wizara ya Kilimo na ndiyo inayotoa namba hiyo, nilikuwa naipita tu barabarani. Nilidhani ni ya wenye matrekta.

Aprili mwaka ule wakatangaza CFAP, msaada wa janga la korona: dola bilioni 16 za kuwalipa wakulima moja kwa moja. Kwenye WhatsApp ya kanisa ikavuma kwamba ni mkopo, ukishindwa kulipa wanabeba gari. Watu walichanganya na PPP, mpango wa kusaidia biashara ndogo, ambao kweli ulikuwa mkopo, ingawa uliweza kusamehewa. CFAP haukuwa wa kurudisha. Hata hivyo awamu ya kwanza haikutufaa: kwa mboga waliangalia hasara ya kati ya 15 Januari na 15 Aprili, na miezi hiyo shamba letu liko chini ya theluji.

Ya pili, iliyofunguliwa 21 Septemba hadi 11 Desemba, ndiyo iliyotufikia. Mboga zilikokotolewa kwa mauzo ya 2019: aliyeuza chini ya dola 50,000 alilipwa asilimia 10.6 ya mauzo hayo. Ofisini hawakuwa wakipokea wageni, kila kitu kwa simu. Binti yetu akakaa jikoni akitafsiri, mimi nikamwaga mezani gunia la mchele nililokuwa natunzia risiti. Nyingine zilikuwa zimefutika wino. Nyingine ni migongo ya bahasha: "pilipili, 15", bila tarehe wala mwaka.

Tulijua tumeuza kama dola 13,000. Mke wangu akasema andika zote, nani atajua? Lakini fomu ile unaitilia saini, na wana haki ya kuja kukagua. Tukaondoa yasiyo na ushahidi, tukaondoa na sambusa zake, maana walihesabu tu mazao ghafi uliyolima mwenyewe. Zikabaki 8,400. Tukalipwa dola 890. Ukipiga hesabu ya pilipili za kwenye bahasha, utaelewa kwa nini mpaka leo sipendi kuliona gunia lile.

Kwa hiyo nenda FSA kajisajili sasa, wakati hakuna janga wala foleni. Beba kitambulisho, namba yako ya kodi, taarifa za benki na mkataba wa kukodi ardhi ulioandikwa. Sisi tulikuwa tumepatana na mzee mwenye shamba kwa mdomo, na tulipoteza wiki mbili nzima kumsubiri aweke saini. Mauzo andika siku ileile, kabla hujapakua gari. Mimi nina daftari la shule, ukurasa mmoja kila Jumamosi: zao, uzito, pesa. Jioni binti anaupiga picha.

Pesa ikiingia, usiimalize. Sisi tulinunulia plastiki ya banda la miche, halafu mapema mwaka uliofuata ikaja fomu 1099-G, ya kodi, inayoonyesha ulicholipwa na serikali: kumbe ni mapato, yanatozwa kodi. Kwa waliolipwa hadi kikomo cha dola 250,000 kwa mtu hilo ni jambo la mhasibu. Kwetu lilikuwa jambo la kuvunja kibubu.

Na tena, majina ya waliolipwa na kiasi chao huwekwa wazi mtandaoni. Mimi alinipigia jamaa wa mtaa wa pili kunipongeza kwa zile 890, akamalizia kwa kuomba nimkopeshe 200.