Bibi namsalimu, yeye ananijibu tabia zake

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina miezi minne hapa Valencia, Hispania, namtunza bibi wa miaka 86. Kila asubuhi namuuliza "¿Cómo eres?" naye hunitazama, kisha ananiambia yeye ni mkaidi, au kwamba ujanani alikuwa mrefu. Nimeanza kuhofia kumbukumbu zake. Binti yake amenikataza kumwambia mama yake "tú", yaani "wewe" ya kuzoeana. Halafu majirani kwenye ngazi huniuliza "¿Qué tal?", na kabla sijamaliza kujibu washafika ghorofa ya juu. Nakosea wapi? – M., Valencia

JIBU: Marahaba mwanangu. Bibi wa watu ni mzima kabisa, muache. Unamuuliza ni mtu wa namna gani, naye anakujibu kwa uungwana wake wote. Kihispania kina vitenzi viwili pale sisi tunapotumia "kuwa". "Ser" ni cha namna mtu alivyo: umbo, tabia, asili. "Estar" ni cha hali aliyo nayo sasa. Nasi tunaijua tofauti hiyo, maana "uko vipi?" si sawa na "wewe ni mtu wa vipi?" Hali uliza kwa "estar": "¿Cómo estás?"

Ila huyo ni bibi wa miaka 86, na binti yake amesema kweli. Mwambie "¿Cómo está usted?" Hilo "usted" ni "wewe" ya heshima, nalo limetokana na "vuestra merced", namna ya kumwita mtu kwa fadhila zake, ndiyo maana kitenzi chake husemwa kana kwamba unamzungumzia mtu wa tatu. Huko Hispania watu huhamia "tú" haraka, hata na muuza mkate, lakini na mzee subiri akuruhusu mwenyewe. Siku akikuambia "tutéame", yaani niite "tú", basi. Na ukikutana na watu wa Bogotá usishangae kusikia "usted" hata kati ya ndugu wa tumbo moja. Kwao si lazima iwe ubaridi.

Sasa nikuonye jambo ambalo mimi lilinipata. Niliishi Sevilla miaka tisa, nikiosha vyombo kisha nikapanda kuwa mpishi. Mwaka wa kwanza nilikuwa nimeshasikia kwamba "está mala" ni mgonjwa. Nikapiga hesabu zangu: kama "mala" ni mgonjwa, mzima ni "buena". Muuza samaki sokoni akaniuliza "¿Qué tal estás?" nami nikamjibu kwa sauti, foleni nzima ikisikia: "¡Estoy buena!" Kisu kikamponyoka. Mama mmoja mwenye kikapu akanivuta pembeni na kunieleza kwamba nimejisifu kuwa nina mwili wa kutamanisha. Sema "estoy bien", mwanangu. "Bien", siku zote. Yule muuza samaki alinisalimia kwa kicheko hadi nilipohama mtaa.

Ya ngazini ni mepesi. "¿Qué tal?" pale ni kama "mambo!" yetu, hakuna anayesimama. Jibu "Bien, ¿y tú?", yaani nzuri, na wewe?, huku mguu ukipanda. Ukiwa umechoka sema "Aquí, tirando", yaani tupo, tunavuta. Wao wanavuta, sisi tunasukuma siku. Mzigo ni ule ule. Wakiwa wawili au zaidi, huko uliko ni "¿Cómo estáis?", ingawa Wakolombia na Waekwado utakaokutana nao watasema "¿Cómo están?" Na ukiingia kwenye lifti au chumba cha kusubiri daktari, toa "buenos días", salamu ya asubuhi, kwa wote hata kama humjui mtu. Kunyamaza ndiko watakakokuona nako.

Kesho asubuhi muulize bibi "¿Cómo ha dormido?", yaani amelalaje. Kisha vuta kiti ukae, maana huyo si wa ngazini. Ataanzia magotini.