Jinipa yangu inakataa kubebeshwa

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Mafinga, nina bonsai (mti mdogo wa chunguni) ya jinipa, mti wa jamii ya mtarakwa, shina zuri ila majani ya miba siyapendi, nikaibebesha, yaani kuipandikizia vikonyo (vitawi) vitatu vya shimpaku, jinipa ya majani laini. Vikakaa kijani karibu miezi miwili nikajua tayari, nikatoa nailoni niliyovifunikia, wiki haijaisha vyote vimekauka. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Hiyo rangi ndo iliyokudanganya, kikonyo cha jinipa kikishakufa kinabaki kijani wiki kibao, mi mwenyewe niliua vitano hapa Uyole kabla sijaelewa. Angalia ncha, zikirefuka na kutoa kijani kipya cha mpauko hapo kimeshika.

Halafu vilivyokufa usitupe! Chomoa kimoja utazame mkato, ukikuta kahawia tupu, hakuna hata kanundu keupe, basi havikugusana. Gome la shina ni nene, la kikonyo jembamba, kwahiyo ukilinganisha kwa nje, ule utando wa kijani wa ndani unapishana. Sogeza kikonyo pembeni utando ukutane hata upande mmoja, na tumia wembe mpya.

Nailoni nayo uliitoa ghafla. Kikonyo hakina mizizi na upepo wetu mkavu unakinyonya maji, kwahiyo weka pamba yenye unyevu ndani, funga kabisa, kivulini. Ncha zikikua toboa nailoni tundu moja kwa sindano, wiki ijayo lingine. Jaribu Agosti, baridi ikianza kuachia.